Wales kwa Basi na Kikundi: Mwongozo Kamili wa Ngome, Pwani na Milima

Wales ina eneo la takriban kilomita za mraba 20,700, ndogo kuliko Rwanda, na ndani yake kuna ngome zaidi ya 600, hifadhi tatu za taifa na njia ya miguu ya pwani yenye urefu wa kilomita 1,400. Kwa mtu anayeishi London, Birmingham au Manchester, yote hayo yako umbali wa nusu siku kwa basi. Ndiyo maana jumuiya, makanisa, misikiti na vyama vya akina mama vya Waswahili wa Uingereza wanapotaka kutoka pamoja, au wanapopokea wageni kutoka nyumbani, Wales inafaa sana.

Udogo huo lakini unamponza mpangaji. Anatazama ramani, anaona kila kitu kiko karibu, anajaza ratiba vituo vitano kwa siku, na kikundi kinaishia kuiona nchi kupitia dirishani. Kutoka Llandudno kaskazini hadi Cardiff kusini kwa barabara ya A470 ni kama kilomita 300, na hakuna barabara kuu ya kasi inayounganisha pande hizo mbili. Kuna milima katikati. Basi kubwa halitatumia chini ya saa tano. Kwa hiyo Wales ipimwe kwa saa za barabarani, si kwa kilomita.

Kwanza: chagua upande mmoja

Kwa safari ya siku nne au tano, chagua kaskazini au kusini, usichanganye. Kaskazini kuna ngome nne za Mfalme Edward I zilizo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986 (Conwy, Caernarfon, Beaumaris na Harlech), mlima mrefu kuliko yote Wales, Yr Wyddfa, wenye mita 1,085, na mji wa pwani wa Llandudno wenye hoteli nyingi zilizozoea mabasi. Kusini kuna Cardiff, ngome ya Caerphilly ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Wales, makumbusho ya mgodi wa makaa wa Big Pit, na upande wa magharibi fukwe za Pembrokeshire na mji wa Tenby.

Kwa kikundi kinachokwenda mara ya kwanza tunashauri kaskazini, tena kwa hoteli moja tu. Kuhama hoteli na watu arobaini na tisa kunakula asubuhi nzima: kufunga mabegi, kurudisha funguo, kumsubiri aliyesahau dawa chumbani. Kaa Llandudno usiku nne, toka kila asubuhi, rudi kila jioni. Mwongozo huu unafuata mpango huo.

Msimu

Mei, Juni na nusu ya kwanza ya Septemba ndiyo miezi mizuri. Mwishoni mwa Julai na Agosti shule zimefungwa, bei hupanda na barabara ya pwani hujaa. Kuanzia Novemba hoteli hushusha bei sana, lakini treni ya kupanda Yr Wyddfa na tramu ya kilima cha Great Orme, Llandudno, huwa zimesimama, na Desemba giza linaingia saa kumi jioni.

Mvua ipo mwaka mzima. Vilele vya Eryri (Snowdonia), milima ya kaskazini, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali Llandudno, iliyoko pwani, ni kavu zaidi. Mara nyingi mlima umefunikwa na mawingu huku watu wamekaa ufukweni kwenye jua, kwa hiyo usighairi siku nzima kwa sababu ya wingu ulilolionea dirishani.

Kwa Waislamu, zingatieni kwamba mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 3:40 usiku kwa saa za huko. Magharibi na Isha zinachelewa mno, na hoteli huandaa chakula cha jioni kati ya saa 12 na saa 1. Chakula kinatangulia na swala inafuata, na kesho yake msipange kuondoka alfajiri.

Basi na dereva

Hapa ndipo safari nyingi hufaulu au huharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Basi kubwa la kawaida lina viti 49 hadi 53. Lenye choo ndani huwa na viti vichache zaidi. Kama mko chini ya 33, ulizia basi la ukubwa wa kati, maana barabara za Eryri ni nyembamba na basi fupi hupita kwa raha. Kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu, sema siku ya kwanza unapoomba bei. Basi lenye lifti hulazimika kung'olewa baadhi ya viti, na mabasi hayo si mengi.

Omba bei kwa kampuni tatu, na kila moja itume kwa maandishi ikijibu haya: bei inajumuisha mafuta, maegesho na malazi ya dereva? Kilomita za ziada zinalipiwa vipi? Basi likiharibika njiani, jingine linatoka wapi? Kampuni halali ina leseni ya kuendesha mabasi ya abiria, na kibati chake hubandikwa kwenye kioo cha mbele. Jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye daftari la serikali lililo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Ikikosekana humo, achana nayo hata kama bei yake inavutia.

Sheria ya saa za dereva haina mjadala, na mpangaji anapaswa kuijua kama anavyojua ratiba yake mwenyewe:

1. Baada ya kuendesha saa nne na nusu, dereva apumzike dakika 45. Anaweza kuzigawa, kwanza 15 kisha 30, kwa mpangilio huo.
2. Kwa siku haendeshi zaidi ya saa 9. Mara mbili kwa wiki zinaweza kufika 10.
3. Kati ya siku moja na nyingine apumzike saa 11 mfululizo. Zinaweza kupunguzwa hadi 9, lakini si zaidi ya mara tatu kati ya mapumziko yake ya wiki.

Kanuni ya tatu ndiyo inayovuruga mipango. Siku ya dereva huanza pale anapokagua gari asubuhi, si pale mnapopanda. Akianza saa 1 asubuhi, kwa kawaida anapaswa kumaliza saa 2 usiku. Mkimwomba awapeleke mjini na kuwarudisha saa 4 usiku, kesho yake asubuhi basi huenda likachelewa kuondoka, na hakuna wa kulaumiwa. Kifaa ndani ya basi hurekodi kila dakika. Matembezi ya usiku yafanyike kwa miguu, na Llandudno inafaa kwa hilo: barabara ya ufukweni ni tambarare, na gati lake lenye urefu wa karibu mita 700 ndilo refu kuliko yote Wales.

Jambo jingine ni mwendo. Tangu 17 Septemba 2023, barabara nyingi za ndani ya miji na vijiji vya Wales zina kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Programu za ramani kwenye simu hukadiria kwa gari dogo. Ongeza robo ya muda huo kwa basi.

Hoteli

Tafuta hoteli inayopokea mabasi kila wiki. Utaijua kwa maswali inayokuuliza: orodha ya vyumba, wangapi hawawezi kupanda ngazi, basi litafika saa ngapi. Nyumba nyingi za Llandudno ni za zamani. Lifti huwa ndogo, na nyingine huishia ghorofa ya kabla ya mwisho, kwa hiyo uliza kwa maneno hayo hayo: "Lifti inafika ghorofa ya ngapi?" Kisha wazee uwapangie vyumba vya chini wewe mwenyewe, usiiachie mapokezi.

Vyumba vya mtu mmoja ni vichache na vina nyongeza ya bei. Watu wengi wa vikundi vyetu husema wako tayari kulala wawili wawili, halafu wiki mbili kabla ya safari wanabadili. Mfanye kila mtu aandike jina la mwenzake wa chumba siku anapolipa kianzio.

Chakula cha jioni kwa kawaida ni cha kuchagua kati ya vitu viwili au vitatu. Nyama halali haipatikani kwa kuombwa siku hiyo. Omba wiki nne kabla, upate jibu kwa maandishi. Ikishindikana, chagueni samaki au mboga. Mjini, mkinunua samaki na chipsi, ulizeni vinakaangwa kwa mafuta gani, kwa sababu baadhi ya maduka hutumia mafuta ya ng'ombe.

Hesabu ya pesa

Kosa la kawaida ni kugawa gharama ya basi kwa viti vyote. Tuseme basi na dereva kwa siku tano ni pauni 4,000. Ukigawa kwa 49 kila mtu analipa kama pauni 82. Wakija 38 tu, umebaki na pengo la karibu pauni 900. Gawa kwa 38 tangu mwanzo, iwe pauni 105, na ziada ikipatikana ilipie viingilio au irudishwe.

Gharama zigawanye mafungu mawili. La kwanza halibadiliki hata wakija wachache: basi, maegesho, chumba cha dereva kama hoteli haikumpa bure, na bahasha ya kumshukuru. La pili huhesabiwa kwa kichwa: chumba, chakula, ngome, treni. Kusanya kianzio miezi sita kabla, malipo ya mwisho wiki kumi kabla, maana hoteli hutaka pesa yake wiki sita hadi nane kabla. Weka pesa kwenye akaunti ya kikundi, isiwe ya mtu binafsi, na kila anayelipa apewe stakabadhi.

Kuna sheria ambayo wapangaji wengi hawaijui. Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 2018, anayeuza usafiri na malazi kwa pamoja huhesabiwa kuwa mwandaaji wa safari, na lazima awe na dhamana ya kulinda pesa za wasafiri. Msamaha upo kwa anayefanya hivyo mara chache, bila faida, kwa kundi maalumu la watu wanaofahamiana. Ukitangaza viti kwa umma na kubakiza faida, umeshatoka kwenye msamaha huo. Ikiwa mnanunua safari iliyopangwa na kampuni, ulizeni pesa zenu zinalindwa na mpango gani wa dhamana: ABTA au Bonded Coach Holidays. ATOL, dhamana nyingine, ni ya safari zenye ndege, kwa hiyo kwa basi tupu haiwasaidii.

Wageni kutoka nyumbani na viza

Wales haina mpaka wake wala viza yake. Inayotumika ni ya Uingereza. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya mgeni. Maombi hufunguliwa miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya alama za vidole. Msilipe tiketi zisizorudishwa kabla ya viza kutoka. Ndugu wa Muscat au Dubai wakumbuke kwamba kinachotazamwa ni uraia na si mahali mtu anapoishi: raia wa Oman anaomba kibali cha kielektroniki tu, lakini Mtanzania mwenye ukaazi wa Oman anahitaji viza.

Angalieni sana safari zinazotangaza "Wales pamoja na siku moja Dublin" kwa meli kutoka bandari ya Holyhead. Dublin iko Jamhuri ya Ireland. Viza ya Uingereza haimwingizi Mtanzania wala Mkenya huko, na hata mwenye ukaazi wa Uingereza akisafiria pasipoti ya Afrika Mashariki anahitaji viza ya Ireland. Mtu mmoja akizuiliwa, kikundi kizima kinapoteza siku.

Ratiba ya siku tano

Kabla ya yote, andika saa kwa namna mbili: "08:00, saa 2 asubuhi". Katika basi moja kuna vijana wanaosoma saa kwa Kizungu na wazee wanaosema saa kwa Kiswahili, na tofauti ya saa sita inatosha kumwacha mtu hotelini.

*Siku ya kwanza.* Kutoka London hadi Llandudno ni takriban kilomita 390. Ondokeni 08:00. Tunashauri kwenda kwa njia ya milimani, M6, M54 kisha A5 kupitia Llangollen, na kurudi kwa njia ya haraka ya pwani, A55. Simameni Trevor, karibu na Llangollen, mwone mfereji wa Pontcysyllte uliokamilika 1805: maji na mashua vinapita juu ya nguzo za mawe, mita 38 juu ya mto, kwa urefu wa mita 307. Kuvuka kwa miguu ni bure. Njia ya miguu ina ukingo wa chuma. Upande wa pili wa mfereji hauna ukingo wowote, mashua inaelea pembeni mwa hewa tupu. Watoto washikwe mkono, na mwenye kuogopa kimo abaki gatini.

*Siku ya pili.* Conwy, ambayo iko karibu sana, ili watu na dereva wapumzike. Ngome hii ilijengwa 1283 hadi 1287 na ina minara minane. Tengeni saa mbili za ngome, kisha saa moja ya kutembea juu ya ukuta wa mji, wenye urefu wa kilomita 1.3 na minara 21. Ukuta una ngazi zisizo sawa na huteleza ukiloa. Viatu vya kisigino vibaki hotelini. Mchana rudini Llandudno mpande tramu ya Great Orme, inayovutwa kwa kamba ya chuma tangu 1902. Kwenye gati msile chipsi mkiwa mmeachia mfuko wazi, kwa sababu shakwe wa pale huinyakua mkononi.

*Siku ya tatu.* Mlima. Treni ya Llanberis inapanda Yr Wyddfa kwa reli ya meno tangu 1896. Safari nzima ni kama saa mbili na nusu, ikiwemo nusu saa kileleni. Kateni tiketi miezi kadhaa kabla, na mwombe behewa la dizeli. La mvuke ni dogo na kikundi kikubwa hakitoshi pamoja. Upepo ukiwa mkali treni huishia njiani au haiendi kabisa, na hilo huamuliwa asubuhi ile ile. Kwa hiyo mwe na mpango wa pili pale pale Llanberis: treni ndogo ya kando ya ziwa Padarn, au ngome ya Dolbadarn. Hata hali ikiwa nzuri, Dolbadarn tungeiweka kwenye ratiba. Ni mnara mmoja wa mviringo, na ulijengwa na watawala wa Wales wenyewe. Ngome kubwa za pwani ni za mshindi: Edward I alizijenga baada ya vita vya 1282 na 1283 ili kuwashikilia Wawelisi, kama Wareno walivyoiweka Ngome ya Yesu pale Mombasa kulinda maslahi yao. Kiongozi alieleze hili ndani ya basi kabla ya kufika, maana bila habari hiyo watu huona mawe tu.

Jioni pitieni Caernarfon. Minara yake ina pembe nyingi na mistari ya mawe ya rangi tofauti, na tangu 2023 kuna lifti kwenye Lango la Mfalme, kwa hiyo hata mzee wa fimbo anafika juu. Fikeni mapema ya kutosha. Langoni huacha kupokea watu kabla ya saa ya kufunga.

*Siku ya nne.* Chagueni moja, msifanye zote mbili.

Kama wengi ni wazee: kisiwa cha Anglesey. Basi kubwa lipite Daraja la Britannia, si daraja la zamani la Menai, ambalo lina kikomo cha uzito. Nusu saa inatosha Llanfairpwll kupiga picha na kibao cha stesheni chenye jina la herufi 58, kisha mwende Beaumaris. Ngome hii ilianzwa 1295, pesa zikaisha, haikumalizika. Iko kwenye ardhi tambarare, uwanja wake ni nyasi, na ndiyo rahisi kuliko zote nne kwa asiyeweza kupanda.

Kama wengi ni vijana: mshukeni Blaenau Ffestiniog mpande treni ya njia nyembamba kushuka hadi Porthmadog, kilomita 22, kwa muda wa saa moja na robo hivi. Dereva atangulie na basi awasubiri chini. Kata tiketi za kwenda tu. Kutoka Porthmadog nendeni Harlech, ngome iliyo juu ya mwamba. Bahari iliyokuwa ikipiga chini yake imerudi nyuma. Daraja la watembea kwa miguu linaingiza hata kiti cha magurudumu hadi uwanjani.

*Siku ya tano.* Hoteli nyingi hutaka vyumba saa 4 asubuhi. Mabegi yashuke kabla ya kifungua kinywa, mtu mmoja apite kila chumba akiangalia chaja, dawa na nguo bafuni. Rudini kwa A55, M56 na M6. Safari ya Jumatatu hadi Ijumaa ni nafuu kuliko ya kugusa wikiendi, ila M6 Ijumaa mchana hujaa magari; ukiondoka saa 4 asubuhi, waambie wanaowapokea London wawategemee kati ya saa 11 na saa 1 jioni, na uwape namba ya simu ya kiongozi badala ya dakika kamili.

Ndani ya basi

Hesabu watu kwa wawili wawili: kila mtu amjue wa pembeni yake, na basi lisiondoke mpaka kila mmoja amjibie mwenzake. Hesabu ya vichwa peke yake hukosea mtu akiwa chooni. Mikanda ifungwe na wote; kwa wenye miaka 14 na zaidi ni sheria. Wanaotapika wakae mbele, na wameze kidonge saa moja kabla ya barabara za kona za Betws-y-Coed na Llanberis, siyo baada ya kuanza kusikia vibaya. Choo cha basi ni cha dharura. Simameni kila baada ya saa mbili. Na kila kituo, mwulize dereva kwanza mahali anaporuhusiwa kushusha na mahali atakapoegesha, kwa sababu mara nyingi si pamoja: Conwy na Caernarfon basi hushusha na kwenda zake, kwa hiyo mwavuli na koti mshuke navyo.